Mtoto Aliapo Angani: Adabu na Maandalizi ya Safari Ndefu na Mtoto Mdogo

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Wasomaji wetu wapenzi, Ijumaa ya leo tumekusudia kuzungumzia jambo ambalo huenda baadhi yenu wakaliona dogo kwa ukurasa huu. Tunawaomba mtusubiri hadi mwisho, kwani ndani yake mna amana ya mtoto, haki ya mama na deni moja letu wenyewe ambalo hadi hii leo hatujalilipa.

Siku hizi familia zetu zimetawanyika. Aliyeozwa Tanga anaishi Muscat, aliyesomea Mombasa anafanya kazi London, na wajukuu wa mtu wa Zanzibar wanazaliwa Toronto. Kuunga udugu ni wajibu, na udugu huo sasa unaungwa kwa ndege. Hivyo basi, wazazi wengi hujikuta wamekaa angani muda wa saa nyingi, wamembeba mtoto wa mwaka mmoja au miwili ambaye hajui safari ni nini wala kwa nini anakatazwa kushuka na kukimbia.

Nasi lilitufika hilo. Tulifuatana na mama watoto wetu kumsindikiza binti yetu kwa mumewe nchini Canada, pamoja na mjukuu wetu wa miezi 16. Kutoka Dar es Salaam hadi Dubai ni mwendo wa kama saa tano na nusu, na kipande hicho, alhamdulillahi, mtoto alikimaliza kwa kulala na kuchezea mkanda wa kiti. Kutoka Dubai hadi Toronto ni kama saa 14. Hazikutimia saa mbili za kipande hicho cha pili, mtoto akaanza kulia.

Hakikuwa kilio cha njaa. Titi alilikataa, maji aliyamwaga, mwanasesere alimtupa chini ya viti. Akajipinda mgongo kama upinde na kupiga ukelele uliosikika hadi mkiani mwa ndege. Bwana mmoja aliyeketi mbele yetu akageuka, akamtazama binti yetu kwa jicho kali, kisha akashusha pumzi kwa nguvu ili kila mtu asikie, akarudisha uso wake mbele. Binti yetu akainamisha kichwa, na tukaona machozi yakimdondoka juu ya nywele za mwanawe.

Jicho lile, ndugu zetu, tulilitambua. Tulilitambua kwa sababu lilikuwa letu.

Jicho la mwaka 1998

Mwaka 1998 tulikuwa tukirejea nyumbani kutoka masomoni, vijana, tumejaa elimu ya vitabuni na kujiona. Nyuma yetu ndani ya ndege aliketi mama mmoja, peke yake, na mtoto mdogo aliyelia muda mrefu. Sisi tulikuwa tunapitia kitabu cha fiqhi. Tulikifunga kwa kishindo, tukageuka, tukamwambia: "Mama, mtoto huyu hana wa kumnyamazisha?" Mama yule hakujibu neno. Aliinuka, akaenda kusimama karibu na mlango wa choo cha nyuma, akimbembeleza mwanawe kwa miguu yake miwili, na huko alikaa sehemu kubwa ya safari iliyosalia. Sisi tukafungua kitabu chetu, tukaendelea kusoma milango ya twahara na sala.

Hatukukumbuka wakati ule kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiingia katika sala kwa nia ya kuirefusha, kisha akisikia mtoto analia miongoni mwa wanaosali nyuma yake huifupisha, kwa kuchelea kumtia mama yake mashakani. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim, na sisi tulikuwa tumeihifadhi pamoja na wapokezi wake. Tazameni basi: Mtume wa Allah, akiwa amesimama mbele ya Mola wake, aliipunguza ibada yake kwa ajili ya mama mmoja. Nasi, kwa ajili ya ukurasa mmoja wa kitabu, tulimfukuza mama kwenye kiti alichokilipia.

Kwa nini mtoto hulia?

Kabla ya kumlaumu mtoto au mzazi, ni vyema tukaelewa kinachotokea. Ndege kubwa huruka juu sana, na hewa inayotiwa ndani yake haiwi nzito kama ile ya pwani. Hali ya humo hulingana na ya mlima wenye kimo cha mita 1,800 hadi 2,400, yaani kama mtu aliyetolewa Dar es Salaam au Mombasa akapandishwa kupita Nairobi hadi nyanda za Limuru, kwa muda usiozidi nusu saa.

Ndani ya kichwa cha mwanadamu mna kijia chembamba kinachounganisha nyuma ya pua na sehemu ya kati ya sikio. Ndege ikipanda, hewa iliyomo sikioni hutanuka na kutoka kwa wepesi kupitia humo. Ndege ikishuka, mambo hugeuka: hewa ya nje inakuwa nzito na kuisukuma ngoma ya sikio kwa ndani, na kijia hicho lazima kifunguke ili hewa iingie na kusawazisha. Mtu mzima humeza mate au hupiga mwayo, kikafunguka. Kijia cha mtoto ni chembamba zaidi na kimelala zaidi, naye hajui kupiga mwayo kwa kusudi. Ndiyo maana watoto wengi hulia ndege inapoanza kuteremka, na mwenye mafua huumia zaidi.

Aidha, hewa ya ndani ya ndege ni kavu mno. Unyevu wake aghalabu huwa chini ya asilimia 20, ilhali sisi wa pwani tumezoea asilimia 70 na zaidi. Koo la mtoto hukauka, pua huziba, midomo hupasuka, naye hana ulimi wa kusema kuwa ana kiu. Ongezeni hapo usingizi uliovurugika, ngurumo isiyokoma, sura ngeni, na mwili uliofundwa na Mola kutambaa na kukimbia uliofungwa mahali pamoja. Mtoto wa umri huo hana adabu mbaya. Analia kwa kuwa kilio ndiyo lugha pekee aliyopewa.

Kijiko kimoja tu

Sasa tufike pale palipotutia hofu zaidi. Mtoto alipokuwa amelia kiasi cha nusu saa, binti yetu alifungua mkoba wake akatoa chupa ndogo ya dawa ya mafua, ile inayoleta usingizi. Jirani alimpa siku ya kuondoka, akamwambia kuwa watu wote wanaosafiri na watoto ndivyo wafanyavyo. Akatuuliza kwa sauti ya chini: "Baba, nimpe kijiko kimoja tu?"

Hatutawaficha, wasomaji wetu. Ulimi wetu ulisita. Moyoni tulitaka kusema "mpe", kwa kuwa yule bwana wa mbele alikuwa amegeuka mara ya tatu. Aliyetuokoa ni mama watoto wetu, ambaye hakusoma chuo kikuu. Alisema: "Dawa hupewa mgonjwa. Huyu haumwi, amechoka." Akaichukua chupa ile akaitia katika mkoba wake mwenyewe, akaufunga.

Tuliporejea nyumbani tulimuuliza daktari wa watoto, naye akatueleza yaliyotufanya tumshukuru Allah kwa kauli ile. Dawa za namna hiyo zaweza kupunguza nguvu za kupumua kwa mtoto mdogo, na kipimo kinachomlaza mmoja chaweza kumdhuru mwingine. Tena kwa baadhi ya watoto hufanya kinyume: badala ya kulala, hupandwa na wahaka na kulia maradufu. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwatahadharisha rasmi wazazi wasiwape watoto walio chini ya miaka miwili dawa za kikohozi na mafua zinazouzwa bila cheti cha daktari, kwa kuhofia madhara makubwa yanayoweza kuhatarisha uhai.

Katika sheria yetu tukufu ni kanuni mashuhuri kwamba haifai kujidhuru wala kumdhuru mwingine. Mtoto ni amana, na mwenye amana haruhusiwi kuihatarisha ili yeye apate raha, au ili asitazamwe vibaya na wageni atakaoachana nao baada ya saa chache. Mtoto akiwa na ugonjwa wa kweli, aende kwa daktari siku kadhaa kabla ya safari, na dawa atakayopewa itumiwe kwa kipimo alichoandikiwa. Hasa mwenye mafua makali au maumivu ya sikio asipandishwe ndege kabla ya kuonwa.

Maandalizi kabla ya kuondoka

Kumtegemea Mwenyezi Mungu kunakwenda pamoja na kufunga ngamia, kama alivyotufunza Mtume wetu (S.A.W.). Haya hapa ni yale tuliyoyajua kwa uzoefu na kwa kuwauliza waliotutangulia.

Kwanza, kiti. Mashirika mengi humruhusu mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili kupakatwa na mzazi kwa nauli ndogo, akifungwa kwa mkanda wa ziada unaoshikamana na ule wa mzazi. Akitimiza miaka miwili hununuliwa kiti chake. Wataalamu wa usalama wa anga hupendelea kila mtoto awe na kiti chake na kifungio kinachomfaa, kwani ndege ikitikisika ghafla mikono ya mzazi haitoshi kumzuia. Mwenye uwezo na afanye hivyo. Asiye na uwezo aombe mapema safu ya mbele penye ukuta, ambapo hufungwa kijitanda cha mtoto. Lakini aulize uzito unaoruhusiwa. Ndege nyingi huishia kilo 10 au 11, na mjukuu wetu alikuwa amekwishaupita.

Pili, hati. Mtoto, hata mchanga, awe na pasi yake. Mzazi anayesafiri na mtoto bila mwenzake achukue barua ya ridhaa ya mwenzake, pamoja na nakala ya cheti cha kuzaliwa, kwa kuwa baadhi ya nchi huuliza.

Tatu, chakula. Tangu mwaka 2006 viwanja vingi vya ndege vimezuia vimiminika vinavyozidi mililita 100 kuingizwa ndani ya ndege. Hata hivyo, maziwa na chakula cha mtoto huruhusiwa kwa kadiri ya haja ya safari, ila mzazi avitoe mwenyewe na kuvionyesha kwa wakaguzi. Chakula cha halali kiagizwe angalau siku moja kabla. Mbali na hicho, mchukulieni mtoto alichokizoea nyumbani: vipande vya chapati, ndizi, biskuti zisizo na sukari nyingi, tende iliyotolewa kokwa na kukatwa vipande vidogo. Karanga na korosho msimpe mtoto mdogo, kwani humkwama kooni, na angani hakuna hospitali.

Nne, mkoba wa mkononi. Wekeni nepi zaidi ya mnavyodhani zitatosha, nguo za kubadili za mtoto na shati au gauni moja la mzazi pia, kwani atakayetapikiwa ni mzazi. Wekeni kanga ya mama, ambayo ni shuka, ni pazia la kunyonyeshea kwa stara, ni blanketi, na harufu yake humtuliza mtoto mahali pageni. Wekeni pia vitu vidogo vya kuchezea ambavyo mtoto hajapata kuviona, kila kimoja kimefungwa katika karatasi yake, na mvitoe kimoja kimoja kila baada ya muda. Kufungua karatasi peke yake ni mchezo. Msivitoe vyote mara moja, kwa kuwa mtoto wa umri huo huchoka na kitu kwa dakika chache.

Ndani ya ndege

Ndege inaporuka na inapoteremka, mnyonyesheni mtoto au mpeni chupa au kikombe chake, ili ameze mara kwa mara na masikio yake yafunguke. Kuteremka huanza kama nusu saa kabla ya kutua. Mtoto akiwa amelala wakati huo, wengi huona huruma kumwamsha. Sisi pia tuliona huruma kule Dubai, akaamka kwa maumivu ndege ikiwa imekaribia ardhi. Kule Toronto tulimwamsha mapema, akanyonya, akatua anacheka.

Baada ya taa za mikanda kuzimwa, mtembezeni. Msisubiri hadi alie. Wagaweni watu wazima zamu: mmoja ana mtoto, mwingine analala kwelikweli, asiwe macho nusu nusu. Hapa tunasema na akina baba. Tumewaona wanaume waliojifunika blanketi hadi utosini, wakamwacha mke na mtoto usiku kucha, kana kwamba mtoto alikuja na begi la mama. Mtume (S.A.W.) alisalisha watu akiwa amembeba Umama, binti wa Zaynab, mjukuu wake. Alipokwenda kusujudu alimweka chini, na aliposimama alimbeba tena. Na siku moja alirefusha sijda hadi masahaba wakaingiwa na wasiwasi, kumbe mjukuu wake alikuwa amempanda mgongoni, naye hakupenda kumharakisha. Aliyekuwa na umma mzima mabegani hakuona taabu kumbeba mtoto. Vipi sisi?

Katika sala, msafiri amepewa wepesi wa kufupisha na kukusanya, basi autumie. Baba asali huku mama ana mtoto, kisha wabadilishane. Maji ya udhu yawe kidogo. Mtume (S.A.W.) alitawadha kwa kiasi cha pishi ndogo iitwayo mudi, ambayo haifiki lita moja, basi msiache maji yakitiririka katika choo kinachosubiriwa na watu 50. Mama anayenyonyesha safarini ndani ya Ramadhani asijitese, kwani ruhusa ya kufungua anayo na siku zake atazilipa.

Jambo jingine la tahadhari: chai na kahawa. Msipokee kikombe cha moto mkiwa mmempakata mtoto. Mkono wake ni mwepesi kuliko jicho lenu, na mtikisiko mmoja watosha kumuunguza.

Kuhusu kioo cha picha kilicho mbele ya kiti, hatusemi kisitumike. Kwa saa 14 ni msaada. Ila kiwe baada ya kutembea, kula na kuchezea, na mzazi achague mwenyewe kinachoonyeshwa.

Mkifika, msitarajie usingizi wa mtoto uwe sawa mara moja. Toronto iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa saba au nane kulingana na msimu. Mwili huchukua takriban siku moja kuzoea kila saa moja ya tofauti. Mtoeni nje penye mwanga wa mchana, mpeni chakula kwa saa za mahali mlipo, na mumvumilie akiamka usiku wa manane akitaka uji.

Wajibu wa jirani wa kiti

Maneno yaliyotangulia ni ya wazazi. Sasa tuna neno kwa abiria wengine, kwani mwenye kukaa kando yako safarini ni jirani, na jirani ana haki zake.

Usiku ule, baada ya chupa kufungiwa mkobani, mama watoto wetu alitugeukia akasema: "Bwana, wewe mchukue mtoto. Mama yake anywe maji." Tukamchukua. Tukaenda naye nyuma ya ndege, karibu na mlango wa choo, tukasimama mahali pale pale aliposimama yule mama wa mwaka 1998. Tulimbembeleza mjukuu wetu kwa qaswida za madrasa hadi miguu ikatufa ganzi. Hapo ndipo tulipoelewa kwa miguu yale ambayo kwa miaka mingi tuliyajua kwa kitabu.

Tukiwa pale alikuja kijana mmoja, si wa dini yetu wala wa lugha yetu. Alikunja karatasi ya leso akafanya kama ndege, akaipeperusha mbele ya mtoto. Mtoto akanyamaza, akaitazama, akacheka. Kijana yule alikaa nasi kama robo saa, kisha akarudi kitini pake. Mjukuu wetu alilala begani mwetu, tukamrudisha kwa mama yake, naye alikuwa tayari amelala.

Tazameni tofauti iliyopo baina ya jicho na karatasi. Vyote viwili havigharimu fedha. Mtume (S.A.W.) alimbusu mjukuu wake Hasan mbele ya al-Aqra bin Habis. Yule bwana akasema kuwa ana watoto kumi na hajapata kumbusu hata mmoja, naye Mtume akamjulisha kuwa asiyehurumia hahurumiwi. Basi ukikaa karibu na mzazi mwenye mtoto anayelia, mwambie neno moja la upole. Mpokee mkoba. Mwambie mama: "Hata wetu walilia." Ukishindwa na hayo, angalau tazama mbele.

Deni letu

Wasomaji wetu, dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake hufutwa kwa toba. Haki ya mja ina sharti la ziada: aombwe radhi mwenyewe. Sisi hatumjui jina yule mama wa mwaka 1998 wala mji wake. Mtoto wake leo ni mtu mzima, huenda ana watoto wake. Tumemwombea dua, tumemtolea sadaka, na tumejiwekea kuwa kila tupandapo ndege na kumkuta mama aliyeelemewa na mtoto, tuinuke tumwulize kama atapenda tumsaidie. Wengine hukubali, wengine hukataa kwa upole. Lakini hayo yote hayajakuwa yeye kusema, "Nimekusamehe."

Ikiwa Allah amejaalia ukurasa huu umfikie, tunamwomba radhi hapa, mbele ya nyote. Na asipoupata, tunakuombeni nyinyi mnaosafiri na mnaopokea wasafiri, msijiwekee deni kama hili letu. Ni jepesi mno kulikopa, kwani latosha jicho moja, na kulilipa ni kazi ya umri mzima.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu majumbani na safarini, na atujaalie kuwa wepesi kwa waja wake. Amin.

Wabillahi tawfiq.